"Wivu wa mapenzi" hautoshi: Arturo Ripstein na sinema ya jinai

Soma habari za polisi na mahakama katika magazeti yetu kwa wiki mbili tu. Utakutana na maneno matatu yanayofanya kazi kuliko mwandishi yeyote: wivu wa mapenzi. Mume kamchoma kisu mke, chanzo wivu wa mapenzi. Mwanamke kammwagia mwenzake maji ya moto, chanzo wivu wa mapenzi. Kamanda wa polisi wa mkoa anathibitisha kutokea kwa tukio, anataja chanzo, anawaonya wananchi waache kujichukulia sheria mkononi, habari imekwisha. Maneno 300, na picha ya nyumba iliyofungwa, majirani wamesimama nje wamefunika midomo kwa khanga.

Mimi naandika habari hizo. Ndiyo kazi inayonilipia kodi ya nyumba. Chuoni tulifundishwa kwamba habari kamili inajibu maswali sita: nani, nini, wapi, lini, vipi, kwa nini. Kwenye habari za mauaji matano ya kwanza tunayajibu vizuri mno, hadi rangi ya shati la marehemu tunaitaja. La sita ndilo tunalolipa yale maneno matatu, tukiwahi gazeti lisichelewe mtamboni.

Hiyo ndiyo sababu nataka tuzungumze habari za Arturo Ripstein, mwongozaji wa filamu kutoka Meksiko. Huyu mzee ametumia zaidi ya miaka 50 kulijibu swali la sita peke yake. Wapelelezi hawamshughulishi. Kufukuzana kwa magari hakuna. Nani kaua, mara nyingi tunajua mapema, au tunaona wenyewe. Anachotaka yeye ni tukae ndani ya chumba mpaka tuelewe ilifikaje hapo. Na vyumba vyake, nawaonya, havina hewa.

Ripstein alizaliwa Mexico City mwaka 1943. Baba yake, Alfredo Ripstein, alikuwa mtayarishaji wa filamu, kwa hiyo mtoto amekulia kwenye seti kama mtoto wa muuza duka anavyokulia nyuma ya kaunta. Alipokuwa kijana Luis Buñuel, yule Mhispania aliyehamia Meksiko, alimruhusu kukaa na kutazama akiongoza El ángel exterminador. Filamu hiyo ya 1962 inahusu matajiri walioalikwa chakula cha usiku, halafu wakashindwa kutoka sebuleni. Mlango uko wazi, hakuna aliyewazuia, ila hawatoki. Ukitaka mbegu ya kazi zote za Ripstein, hiyo hapo. Buñuel aliifanya kama mzaha wenye meno. Mwanafunzi akaondoa mzaha, akabaki na meno.

Filamu yake ya kwanza ya kueleweka ni Tiempo de morir, yaani "Wakati wa Kufa". Alikuwa na miaka 21. Na tazama nani walimwandikia: Gabriel García Márquez, akisaidiwa na Carlos Fuentes. Miaka Mia ya Upweke ilikuwa haijatoka bado, García Márquez alikuwa mtu anayehangaika kutafuta riziki kwa kuandika miswada ya filamu. Mtu anarudi kijijini kwake baada ya miaka 18 gerezani kwa kuua. Anataka kuishi kwa amani, apate kumuona mwanamke aliyemwacha. Lakini marehemu aliacha watoto wawili wa kiume, na kijiji kizima kimekuwa kikisubiri. Hakuna mtu mbaya pale. Kuna deni tu ambalo watoto wamerithishwa kabla hawajajua kulikataa. Sisi tunaotoka kwenye koo zenye mambo ya kulipizana tunaielewa hadithi hii bila tafsiri.

Halafu zikaanza zile zilizotoka magazetini. Meksiko wana neno lao kwa habari za damu: nota roja, habari nyekundu. Ni tasnia nzima, yenye picha za maiti ukurasa wa mbele zikiuzwa kando ya njugu na sigara. Ripstein anaitumia kama fundi seremala anavyotumia gogo.

El castillo de la pureza, "Ngome ya Usafi", ya 1973, inatokana na kisa cha kweli cha Mexico City cha miaka ya 1950: baba aliyeifungia familia yake ndani ya nyumba kwa miaka. Mswada aliuandika pamoja na mshairi José Emilio Pacheco. Baba anaitwa Gabriel Lima. Anaamini dunia ya nje ni chafu, kwa hiyo mke na watoto watatu hawatoki nje kwa miaka 18. Watoto amewapa majina ya Porvenir, Utopía na Voluntad: Mustakabali, Ndoto Njema na Nia. Familia inajikimu kwa kutengeneza sumu ya panya. Mvua inanyesha uani karibu filamu nzima. Baba anawafundisha kusoma, anawapa mazoezi ya viungo, anawaadhibu kwa kuwafungia kwenye vijumba vya chini. Yeye mwenyewe anatoka kila siku kwenda kuuza sumu, na huko nje anafanya yote anayowakataza nyumbani.

Nilipoitazama mara ya kwanza nilifikiria jambo moja lililonitokea kazini. Ilikuwa kesi ya mtu aliyeshtakiwa kumuua mkewe. Siku ile ilitajwa tu, upelelezi haujakamilika, ikaahirishwa kwa siku 14 kama kawaida. Kwenye korido dada wa marehemu alinishika mkono. Hakulia. Akaniambia, "Dada mwandishi, naomba uandike kwamba alikuwa anamfungia kwa kufuli akienda kazini. Kila siku. Hata siku mtoto alipougua." Nikamuuliza majirani walijua? Akanitazama kama niliyeuliza kama majirani wanajua jua linachomoza. "Funguo ya akiba alikuwa anamwachia mama mwenye nyumba," akasema.

Niliiandika. Mhariri wa zamu akaikata, na kwa haki kabisa naeleza sababu yake: shauri liko mahakamani, hayo ni maelezo yanayoweza kumtia mtu hatiani kabla hakimu hajasikiliza. Kisheria yuko sahihi. Tulibishana kidogo, akasema, "Weka wivu wa mapenzi, kamanda ameshasema." Kesho yake gazeti likatoka bila kufuli, bila mtoto mgonjwa, bila mama mwenye nyumba na funguo yake ya akiba.

Sasa angalia Ripstein anafanya nini na habari ya aina hiyo hiyo. Kufuli ndilo analoanza nalo. Anatuonyesha lilivyo la kawaida. Baba Lima hapigi kelele saa zote, kuna jioni anacheza na watoto, kuna siku anampenda mkewe kweli. Ukatili umewekewa ratiba kama chai ya saa kumi. Ndiyo maana unatisha. Msomaji wa habari yangu alimaliza akijua kwamba kuna mtu mbaya na polisi wamemkamata. Mtazamaji wa Ripstein anamaliza akijiuliza ni nyumba ngapi mtaani kwake zina mlango wa namna hiyo, na nani kashika funguo ya akiba.

Wapenzi wa riwaya za Kiswahili humu mtakuwa mmeshamkumbuka Zakaria wa Rosa Mistika, ile ya Kezilahabi ya mwaka 1971. Naye alitaka usafi wa binti, naye alikuwa na fimbo. Kezilahabi na Ripstein, bila kujuana, miaka miwili tu ikiwatenganisha, wote walimtazama baba mlinzi wakaona hatari ilipo. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walishasema. Sinema ya jinai tuliyoizoea inatufundisha kumwogopa mgeni mwenye koti refu kwenye giza. Ripstein anasema washa taa, angalia nani amekaa mezani.

Mwaka 1978 akatoa El lugar sin límites, "Mahali Pasipo na Mipaka", kutoka riwaya ya José Donoso wa Chile. Kijiji kinakufa, tajiri mmoja mzee anataka kukinunua chote. Pale danguroni yuko La Manuela, mwanaume anayevaa gauni na kucheza dansi, akiendesha biashara na binti yake. Kuna dereva wa lori, Pancho, anayejulikana kwa ubabe. Usiku mmoja Manuela anacheza, Pancho anavutwa, wanabusiana, na shemeji yake Pancho anaona. Kitendo cha kuonekana ndicho kinachoua. Pancho hamchukii Manuela. Anachokiogopa ni kile shemeji atakachokisema kesho. Hapa ndipo nilipoelewa kwamba mauaji mengi tunayoyaandika yana mtu wa tatu asiyetajwa kwenye hati ya mashtaka: yule aliyekuwa anatazama.

Na kama unataka ile sinema ya jinai hasa, ya wezi na mapolisi, tafuta Cadena perpetua, "Kifungo cha Maisha", ya 1979, kutoka riwaya ya Luis Spota. Javier Lira, aliyewahi kuwa mwizi na kuwadi, amefungwa, ametoka, ameoa, amepata kazi ya kukusanya madeni ya benki. Ana mkoba na tai. Mtaani anakutana na kamanda wa zamani aliyekuwa akimla rushwa. Kamanda anamnyang'anya fedha za benki na kumwambia arudi kazini, kazi ile ya zamani, na awe anamletea mgawo. Lira anahangaika kutwa nzima kumtafuta mtu mmoja wa kumsaidia. Hakuna. Filamu ilitengenezwa wakati chama cha PRI kimeshika nchi kwa karibu miaka 50, na unaliona jiji ambalo polisi na mwizi ni ofisi moja yenye milango miwili. Jina la filamu ndilo hukumu: gereza alitoka, kifungo hakikuisha.

Miaka ya 1980 kikatokea kitu kilichobadilisha kazi zake: alianza kufanya kazi na Paz Alicia Garciadiego, mwandishi wa miswada ambaye pia ni mwenzi wake maishani. Kuanzia El imperio de la fortuna ya 1986, iliyotoka kwenye kisa cha Juan Rulfo, mama huyu ndiye anayemwandikia. Watu wanamsifu Ripstein kwa kamera yake, ile inayozunguka chumbani dakika nyingi bila kukatwa, ikikufanya ushindwe kutoka kama wale wageni wa Buñuel. Lakini maneno ni ya Garciadiego. Watu wake ni maskini wanaozungumza kama wafalme waliopinduliwa. Wanatukana kwa ufasaha.

Na hapa kuna jambo litakalowafurahisha wapenzi wa fasihi ya Kiafrika. Mwaka 1993 wawili hao walichukua riwaya ya Naguib Mahfouz wa Misri, ile ya Mwanzo na Mwisho ya mwaka 1949, wakaihamishia Mexico City. Principio y fin. Baba amefariki, pensheni haitoshi. Mama anaamua kwamba watoto wote watajinyima ili mmoja, Gabriel, asome awe mwanasheria aje awakomboe. Kaka mkubwa anaishia kwenye madanguro. Kaka mwingine anaacha ndoto zake aende kufanya kazi mbali. Dada anashona nguo, kisha anauza mwili, na fedha zake zinapokelewa bila kuulizwa zimetoka wapi. Filamu ina karibu saa tatu na ilishinda Gamba la Dhahabu kwenye tamasha la San Sebastián.

Nani kati yetu hajui mpango huo? Mtoto mmoja asomeshwe, wengine wasubiri. Mimi mwenyewe nimesoma kwa ada iliyotoka kwenye mifuko mingi, na ninajua majina ya wenye mifuko. Ndiyo sababu dakika za mwisho za filamu ile ziliniweka macho. Aibu inapofika nyumbani, msomi wa familia hamtafuti aliyemnunua dada yake. Anamgeukia dada. Hakuna bunduki, hakuna genge, lakini kwangu hiyo ndiyo jinai nzito kuliko zote alizozionyesha.

Anayejulikana zaidi ni Profundo carmesí, "Wekundu Mzito", ya 1996, iliyompatia Garciadiego tuzo ya mswada huko Venice. Kisa chake ni cha Marekani. Raymond Fernandez na Martha Beck walitafuta wanawake wapweke kupitia matangazo ya wachumba, wakawaibia, wakaua, na waliuawa kwa kiti cha umeme New York mwaka 1951. Ripstein amewapeleka kaskazini mwa Meksiko mwaka 1949. Coral ni nesi mnene mwenye watoto wawili na kiu ya kupendwa. Nicolás ni tapeli anayejifanya Mhispania, anavaa nywele za bandia na anaogopa upara wake kuliko anavyoogopa kifo. Coral anawatelekeza watoto wake kwenye kituo cha yatima ili amfuate. Ndiyo zawadi yake ya kwanza ya mapenzi.

Na hapa ndipo maneno yetu matatu yanapokuja. Coral anaua kwa sababu gani? Wivu wa mapenzi, ndiyo, kila mauaji yanaanza pale Nicolás anapomtazama mwanamke mwingine kidogo kuliko mpango ulivyoruhusu. Kamanda asingekosea. Lakini filamu inatumia karibu saa mbili kuyafungua maneno hayo, na ndani yake tunakuta upweke, umaskini, vioo, sinema za mapenzi alizozitazama Coral, dini, miili ambayo dunia imeicheka. Mwishoni polisi wanawachukua hadi uwanda mtupu, wanawaambia kimbieni, wanawapiga risasi. Taarifa itasema walijaribu kutoroka. Wasomaji wa magazeti duniani kote wanaijua sentensi hiyo.

Sisemi kila mtu atampenda. Rafiki yangu mmoja, mpenzi mkubwa wa filamu, alizima Profundo carmesí katikati akaniambia, "Huyu mzee anafurahia mateso." Kuna wahakiki wamesema hivyo pia: kwamba anajaza skrini dhiki hadi inakuwa pambo, kwamba waliokuwa binadamu anawageuza maonyesho. Lawama hiyo nimeibeba nikatazama La calle de la amargura ya 2015. Hiyo nayo imetoka kwenye nota roja: wanamieleka wawili mapacha wenye maumbo madogo waliokufa hotelini Mexico City mwaka 2009, baada ya kuwekewa dawa kwenye kinywaji na wanawake waliotaka kuwaibia. Kwenye filamu mapacha hawavui vinyago vyao hata nyumbani. Picha ni nyeusi na nyeupe, vichochoro vinang'aa kwa maji. Inapendeza macho, na hilo likanikera. Nilijiuliza mama wa marehemu akiiona atasema nini. Jibu sina, na sidhani Ripstein analo.

Ila nimeona kitu kimoja. Wale wanawake wawili waliouza miili hadi uzee magazeti yaliwaita wauaji, na ndivyo walivyo. Ripstein anatumia muda mrefu kuonyesha siku yao: nani anawadai, nani kawafukuza kwenye kona yao, nani anawasubiri nyumbani. Hawasafishi. Dozi ile ya dawa waliiweka wao. Anachokataa ni kuwafanya watu waliozaliwa siku ya tukio. Sisi kwenye magazeti ndivyo tunavyofanya: mtuhumiwa anazaliwa saa 2 usiku, anaua saa 2:15, anafikishwa mahakamani Jumatatu.

Tanzania tumeijua Meksiko kupitia tamthilia zao za televisheni: yatima mzuri, jumba la kitajiri, siri ya mama, harusi. Ripstein anatoka jikoni humo humo, mwenyewe amewahi kuongoza tamthilia za televisheni miaka ya 1980. Viungo vyake ni vile vile: mama, siri, mapenzi, heshima ya ukoo. Anachofanya ni kuondoa harusi, kisha anaacha chungu motoni.

Riwaya zetu za jinai nazipenda, nimekua nazo. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla na pozi zake, Joram Kiango wa Ben Mtobwa, Willy Gamba wa Elvis Musiba. Zinajibu swali la nani kwa raha kabisa. Lakini bado namsubiri mwandishi wa Kiswahili atakayetuandikia nyumba ya mtaani yenye kufuli kwa nje, kurasa 300, bila mpelelezi hata mmoja. Sijui kama itauzwa. Najua nitainunua siku ya kwanza.

Ukitaka kuanza na Ripstein, usianze na Profundo carmesí. Anza na El castillo de la pureza, ni fupi na haina damu nyingi. Itazame mchana. Na ukiwa mwandishi wa habari kama mimi, kesho ukipewa chanzo cha tukio kwa simu, muulize kamanda swali moja la ziada. Huenda likakatwa. Muulize tu.